Sahihi Zangu za Ghorofa ya Nne

Nilifanya kazi miaka saba katika chumba cha usalama cha jengo moja kubwa la ofisi za umma huku Changamwe. Lina ghorofa sita, na watu huingia humo tangu asubuhi kufuata vyeti, vibali na mashauri yao ya ardhi. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya paneli ya king'ora cha moto. Kila ghorofa ilikuwa na vitambua moshi vyake darini, na vyote vilileta habari kwangu kwa nyaya. Kutoka kwangu habari ilikwenda kwa laini ya simu mpaka kwa waangalizi wa kampuni fulani mjini, ambao ndio wangewaita zimamoto.

Masika moja ghorofa ya nne ikaanza kupoteza mawasiliano. Taa ya manjano inawaka, paneli inalia, nabonyeza kuinyamazisha, na baada ya dakika kumi inalia tena. Fundi alikuja, akafungua dari, akashuka na viganja vimelowa.

"Maji ya kiyoyozi yanaingia kwenye kiungio cha waya," akasema. "Itenge ghorofa hiyo mpaka niletewe kifaa kipya."

Kuitenga maana yake paneli haiisikilizi tena wala haiipigii kengele. Sheria yake ilikuwa wazi: maadamu ghorofa imetengwa, lazima mtu aipitie kwa miguu kila saa, achungulie kila chumba, kisha atie sahihi daftarini. Mtu huyo alikuwa mimi. Niliwapigia waangalizi kuwaarifu, na sauti ya kike ikaniuliza, "Kuna mtu wa kuipitia?" Nikajibu, "Yupo."

Siku mbili nilipanda kila saa bila kukosa. Siku ya tatu lifti ikaharibika. Saa nne asubuhi nilitazama ngazi, nikatazama daftari, nikatia sahihi nikiwa kitini. Hakikutokea kitu. Saa tano nikatia nyingine. Wiki ikapita hivyo, ikaja ya pili, kifaa bado hakijaletwa. Kila asubuhi yule mwanamke wa mjini alipopiga simu kuuliza kama ghorofa inapitiwa, nilimwambia inapitiwa, na wala sauti yangu haikutetereka.

Usafi wa ghorofa ya nne ulikuwa mikononi mwa mama mmoja, mtu wa Kaloleni. Nilimwamkia shikamoo kila siku, naye akiitikia marahaba, halafu ananiuliza hali ya wanangu mmoja baada ya mwingine. Mchana mmoja, saa nane na nusu hivi, aliteremka ngazi zote zile akaja kusimama mlangoni kwangu huku akihema.

"Mwanangu, kule juu kuna harufu ya kuungua."

"Harufu gani, mama?"

"Kama ya mpira. Iko karibu na stoo ya mafaili, na mlango umefungwa."

Nikaitupia jicho paneli. Haikuonyesha moto popote. Ile taa ya manjano ilikuwa inawaka, lakini nilikwisha kuizoea hata siioni.

"Paneli haina kitu, mama. Hapa Changamwe harufu haziishi. Labda ni malori yanaunguza breki barabarani."

"Yaani waiamini hiyo mashine kuliko pua yangu?"

Nikacheka. Naye hakucheka. Aliomba ufunguo wa stoo, nikamwambia uko kwa karani na karani ameenda kula. Akageuka, akazipanda ngazi tena.

Je, nilisahau kwamba ghorofa ile imetengwa? Au nilikumbuka, nikaona uvivu kuinuka? Nimejiuliza mara nyingi, na sijapata jibu ninaloliamini.

Hazikupita dakika ishirini nikasikia mayowe uani. Moshi mweusi ulikuwa unatoka dirishani, ghorofa ya nne. Nilivunja kioo cha kile kisanduku chekundu cha ukutani, kengele zikalia ghorofa zote isipokuwa ile. Nikapiga simu mjini, kisha nikakimbilia ngazi. Watu walikuwa wakishuka wakikohoa. Mmoja akaniambia, "Kuna mama anagonga milango kwa mpini wa ufagio. Bado yuko huko."

Nilifika ya tatu, moshi ukanirudisha. Mama alitolewa na wanaume wawili, kitambaa kinywani, macho yamefumbwa. Wengine wote walikuwa wametoka salama.

Wachunguzi walikuja. Wakafungua daftari.

"Saa nane ulipita?"

"Nilipita."

"Kuna aliyekuja kukuarifu juu ya moto?"

"Hapana."

Wakaandika kwamba chanzo ni waya wa umeme uliopitishwa chini ya mafaili, jambo ambalo lilikuwa kweli. Bosi akanisifu mbele ya wenzangu kwa kuwahi kupiga simu. Nikasema asante.

Ilinichukua miezi minne kwenda Junda, yule mama alikokuwa akikaa kwa bintiye. Kazi ameacha, kifua hakimruhusu. Binti aliniambia kuwa mamake ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, na sasa hukaa na wasikilizaji tu. Nilisubiri binti atoke, nikasema.

"Mama, zile sahihi za daftarini nilizitia bila kupanda."

"Najua. Mimi nilikuwa kule juu kutwa. Ungekuja ningekuona."

"Mbona hukuwaambia?"

"Nani aliniuliza?"

Kweli, hakuna mchunguzi aliyekwenda kitandani kwake. Alikohoa kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekwisha kuwaambia wakubwa. Nikasema bado.

"Basi kuniambia mimi si kazi," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Jumatatu nilimpelekea bosi barua. Aliisoma amesimama, akafunga mlango.

"Ripoti imeshakwenda. Unataka unga wako umwagike?" Akaitia barua kwenye droo. Nilikuwa na nafasi ya kusema irudi mkononi mwangu niipeleke mwenyewe mbele. Sikusema. Nilirudi kwenye paneli, nikakaa nayo karibu mwaka mzima kabla ya kuacha kazi.

Siku hizi nalinda ghala Kisauni, na baadhi ya Jumapili napita kumjulia hali. Nilimweleza habari ya droo. Hakunikaripia. Alikuwa akichambua mchicha, akaendelea kuchambua.

"Si una mikono?" akasema. "Iandike tena."

Nimenunua karatasi. Nimeanza mara tatu, na kila mara naishia pale alipokuja kusimama mlangoni kwangu akihema.