Nyungu ya mama mdogo ilivyoniokoa kwenye lockdown ya Birmingham

Wakuu, habari za majukumu. Hapa sijatia chumvi hata punje. Anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Mimi ni Mtanzania, mwanaume, na nampenda mwanaume mwenzangu. Wenye mawe mkononi, yashikeni kwanza.

Corona ilipoingia nilikuwa hostel ya chuo. Ikafungwa, nikahamia Northfield kwa mama mdogo. Nesi, halafu mlokole wa kukemea mapepo mpaka kwenye microwave. Nikapewa sofa ya sebuleni. Kuta za nyumba zile ukipiga chafya, jirani anakuitikia "bless you".

Mpenzi wangu Kevo, Mkenya, alibaki peke yake chumbani kwake Aston, upande wa pili wa mji. Kuonana marufuku. Simu nayo sipigi, maana mama mdogo akiwa off anakaa sofa hiyohiyo, na akiwa zamu, jirani wa ukutani ni mlokole mwenzake.

Kichwa kikaanza kunichezea. Usingizi hamna. Chakula hakipiti. Nalia bafuni nimefungulia maji. Naogopa akijua atanifukuza, na mji mzima milango imefungwa, niende wapi?

Mama mdogo akanikagua akatoa diagnosis: corona.

Nikapima, negative. Akasema kipimo kimedanganya. Akainjika sufuria: tangawizi, limao, vitunguu saumu, mchaichai. Akanifunika blanketi zito gubigubi. Nyungu, wakuu, nafukizwa mvuke!

Basi mle ndani, kwa mara ya kwanza tangu nihamie, nikajisikia niko peke yangu kweli. Nikalia mpaka basi. Nje namsikia: "Toa yote, baba! Litoke kwa jina la Yesu!"

Kesho yake nikaomba nyungu mwenyewe. Nikaingia na simu.

Jasho linachuruzika, Kevo yuko kwenye video call, tunanong'ona, na mama mdogo huko nje anaimba mapambio kwa sauti ya juu, hasikii kitu. Nikaanza kula. Nikaanza kucheka. Akarusha voice note kwenye group la ukoo kwamba nyungu inatibu mpaka huzuni. Ndugu zangu Moshi nzima wakaanza kujifukiza.

Sasa mimi nikaingiwa na tamaa. Asubuhi nyungu, mchana nyungu, jioni nyungu. Ngozi ya uso ikaanza kubanduka.

Jumapili moja blanketi likainuka. "Hebu sogea, na mimi leo kifua kimebana." Akajaa ndani mzimamzima.

Kwenye kioo cha simu Kevo haoni vizuri kwa mvuke, akasema, "Babe, nakumiss mpaka silali."

Mama mdogo akaisogelea simu.

Kevo kuja kuona sura ni mbili, Mkenya wa watu akaropoka, "Sasa auntie!"

"SASA?" Mama mdogo akafoka. "Mimi wa kuambiwa sasa? Kwenu hamna shikamoo?"

"Shikamoo."

"Marahaba." Akakata simu yeye mwenyewe.

Tukabaki wawili kwenye mvuke. Kichwani nilishapanga begi.

"Huyu ndiye anayekufanya usile?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanifukuza."

Akaanza kulia. "Mimi hilo jambo sikubaliani nalo, na magoti nitapiga. Lakini kazini nawafumba watu macho, ndugu zao wanawaaga kwenye iPad. Mama yako, dada yangu, mimi simpigii simu ya namna hiyo akuage. Sikuziki."

Nikamkumbatia, tumelowa wote kama vifaranga.

Baadaye serikali iliporuhusu anayeishi peke yake ajiunge na nyumba moja, ni yeye aliyesema, "Huyo Mkenya mwambie aje ale." Kevo alipofika, kabla hajavua viatu alishafunikwa blanketi.

Nilichojifunza: corona haikunipata, kilichotaka kuniua ni kufungiwa huku najificha. Kama uko hivyo leo, usikae nayo kimya. Tafuta hata mtu mmoja, hata daktari. Ila mchague kwa akili, si kila nyumba ina mama mdogo kama wangu.

Mliofungiwa na watu msioweza kuwaambia, mlitokaje? Shusheni comments, nasoma zote, hata za matusi.

Na msidhani mama mdogo amebadilika. Nilishahamia kwa Kevo, na mpaka leo kila asubuhi anamwomba Mungu atutenganishe. Akishasema amina ananipigia simu kuuliza kama Kevo ameshakunywa chai.