Midomo ya Leonsia na Mtungi wa Posa

Miaka ile ya wakimbizi, ukifika kijijini Mabawe, jirani na mpaka wa Burundi, ukauliza nani anapika urwagwa wa maana, hata mtoto anayenyonya angekunyooshea kidole kwa Leonsia. Pombe yake ya ndizi ilikuwa na tabia moja mbaya: ukishainywa unaanza kuwasamehe watu. Wazee walikuwa wanakuja wamenuniana, wanaondoka wameshikana mikono wanagombania nani amsindikize mwenzake.

Leonsia alikuwa mjane, hana mtoto wa kumzaa, ila alimlea Clarisse, binti wa kaka yake Ndizeye, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mdomo wake ulikuwa mkali kama pilipili. Sasa ndiyo mdomo huo huo ukamletea balaa.

Ilianza kwenye vidole. Mabaka meupe, kama mtu aliyeshika chokaa akasahau kunawa. Yakapanda mikononi, yakafika usoni, nyusi moja ikawa nyeupe pe na nyingine nyeusi, halafu yakatua mdomoni. Basi! Mabawe nzima ikawa madaktari. Huyu anasema ukoma, yule anasema karogwa na wapishi wenzake. Wengine eti amejichubua. Amejichubua! Leonsia, ambaye losheni yake ilikuwa samli, na ikibaki anapikia maharage!

Lakini kilichomchoma siyo maneno. Urwagwa wa heshima hunywewa mtungi mmoja, watu wamezunguka, kila mtu na mrija wake. Leonsia akichomeka mrija, wenzake wanaanza kuchomoa mmoja mmoja. Huyu kakumbuka mbuzi wake, yule tumbo limemkata ghafla. Wakati walipokuwa wananunua, pombe ilikuwa tamu. Yaani mikono iliyoipika hawaiogopi, wanaogopa midomo inayoionja. Akili za wapi hizo?

Akadandia lori mpaka hospitali ya kambi ya wakimbizi ya Lukole, ambako wenyeji nao walikuwa wanatibiwa. Akamkuta daktari kijana, Anuar, mtu wa Tanga, anaongea taratibu kama anabembeleza mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama unaniogopa sema mapema, nisipoteze siku yangu."

Anuar akacheka, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza geuza. "Siyo ukoma mama. Na haiambukizi, hata mtu akila nawe, akinywa nawe, akilala nawe. Ngozi imeacha tu kutengeneza rangi."

"Imegoma?"

"Imegoma."

"Bila hata kunitaarifu!"

Akampa dawa mbili za kwenda pamoja. Moja ya mafuta, ya kupaka usiku. Nyingine ya maji, ya kupaka asubuhi kwenye mabaka, halafu anakaa juani. "Hiyo ya maji bila jua haina kazi," Anuar akamwambia. "Wenzetu Ulaya wana mashine za mwanga, wanakumulika pale panapotakiwa tu. Sisi mashine yetu ni jua, na jua halina swichi. Kwa hiyo kaa muda wa wimbo mmoja wa kanisani, basi. Unanawa, unajifunika. Ukizidisha utaungua."

"Wimbo wenye beti ngapi?"

"Mfupi, mama. Na nikwambie ukweli: rangi inarudi kupitia kwenye vinyweleo. Penye nywele pana matumaini. Mdomoni hapana nywele, kwa hiyo mdomo unaweza usirudi kabisa."

"Sasa nifanyeje, niote ndevu?"

Miezi ikaenda. Leonsia anapaka, anaimba, ananawa, anajifunika. Na kweli bwana, mikononi vikaanza kutokea vidoti vyeusi, kila kinyweleo na kidoti chake, kama ufuta uliomwagika. Ile nyusi nyeupe nayo ikaona aibu, ikaanza kurudisha weusi. Akawa anawasimamisha watu njiani kuwaonyesha. "Ona! Ona hapa! Ukoma unaota rangi?" Mdomo tu ndio ulibaki mweupe, umekaza.

Ndipo posa ya Clarisse ikapangiwa siku. Mchumba alikuwa kijana wa kambini, ndugu zake walivuka kutoka Burundi vita ilipochacha. Na kwenye posa kuna mambo hayaendi bila mtungi. Aliyepika pombe ndiye anaonja wa kwanza, mbele ya wageni, kuonyesha haina sumu. Asipoonja, wageni hawagusi. Wasipogusa, hakuna posa. Leonsia alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu Clarisse anaota meno: yeye ndiye apike, yeye ndiye achomeke mrija wa kwanza.

Akataka mdomo upate rangi kabla ya siku hiyo, na haraka ikamponza. Asubuhi moja alikuwa anaanika mtama uliochipua, ule wa kutilia kwenye urwagwa. Mtama ukipata jua la wasiwasi, pombe inalala. Ukipata jua la kutosha, pombe inasimama. Sasa Leonsia, mpishi kamili, akaangalia mkeka, akaangalia mikono yake, akajiambia: kama mtama unataka jua la kutosha, ngozi inataka nini? Akapaka dawa mpaka mdomoni, akakaa pembeni ya mtama wake, akaimba wimbo mmoja, akaunganisha na wa pili, akamaliza za Pasaka akaingia za Krismasi. Mtama ulipokauka, na yeye akanyanyuka.

Usiku uso ukawaka moto. Kesho yake malengelenge yamejaa mikononi na kuzunguka mdomo, midomo imevimba. Anuar alipomwona alishika kichwa.

"Mama! Nilisema wimbo mmoja!"

"Nilikuwa na haraka, mwanangu."

"Jua halina haraka na mtu." Akampa dawa ya kuungua, zile mbili akazisimamisha mpaka apone.

Malengelenge yalikauka, ila mdomo ukabaki na magamba. Mabawe ikapata sherehe. "Si tulisema ni ukoma?" Wale wale waliokuwa wamenyamazishwa na vidoti wakarudi na mdundo.

Siku mbili kabla ya posa, Ndizeye akaja. Alikaa kwenye kigoda akakuna goti, na Leonsia alimjua kaka yake: akikuna goti, ana jambo la kijinga.

"Dada, tumekaa tukaona... keshokutwa aonje Irambona." Irambona ni mke aliyemwoa baadaye.

"Irambona kapika?"

"Wewe upike tu. Ila usitokee. Wakwe wataogopa."

"Nipike, nijifiche?"

"Kwa ajili ya mtoto, dada."

"Usimtaje mtoto! Mtoto nani kamlea? Ulipokuwa unazunguka na baiskeli Kabanga kuuza karanga, nani alikuwa anamtafunia chakula? Kwa midomo hii hii! Leo ndiyo imekuwa ya kufichwa?"

Ndizeye akanyanyuka, akaondoka. Leonsia alilia kwa hasira, akafuta machozi, akaenda kukamua ndizi. Asuse kupika kwa ajili yao? Clarisse angepata wapi posa?

Siku ikafika. Wageni wakashuka na kibali chao cha kutoka kambini, mbele yao mshenga, Mzee Habonimana, suti ya mtumba inambana kwapani, maneno yamemjaa. Nyuma yao bibi wa mchumba, Niragira, anatembelea fimbo. Wakasalimiana, wakasifiana mpaka wakachoka. Mtungi ukaletwa. Irambona akapiga magoti, akashika mrija, akageuka kutazama jikoni.

"Ngoja, mama," akasema Habonimana. "Umepika wewe?"

Irambona akamwangalia mumewe. Mumewe akaangalia kuku.

"Aliyepika yuko wapi? Sisi tumetoka kwenye vita, hatunywi pombe ambayo mwenyewe kaikimbia."

"Mwenyewe hajaikimbia!" Sauti ikatoka jikoni. Leonsia huyo, kitenge kipya, kichwa juu, mdomo mweupe unaonekana mpaka barabarani. "Kafichwa!"

Akapita katikati ya watu, akamwambia Irambona, "Wifi, nipishe," akachukua mrija, akachomeka, akavuta mvuto mrefu, akameza huku anawaangalia. "Haya. Haina sumu. Karibuni."

Hakuna aliyesogea. Habonimana akakohoa. "Ee... labda kama kuna soda..."

"Soda?" Leonsia akaweka mikono kiunoni. "Nisipoonja, nimewawekea sumu. Nikionja, nimewawekea ukoma. Sasa mnataka nionje na midomo ya nani? Ya kuazima?"

Watu wengine wakacheka, wakajizuia. Clarisse, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kuonekana, alitoka ndani, akapiga magoti kando ya shangazi yake, akachomeka mrija, akanywa. Ndizeye akafumba macho.

Bibi Niragira akagonga fimbo chini. "Nyie, mimi nina kiu. Nimepigwa vumbi kutoka Lukole nije nitazame mtungi?" Akajikokota, akainama, akanywa mpaka akakosa pumzi. "Mwanangu," akamwambia mjukuu wake, "kama huinywi hii, huyu binti niachie nimuoe mimi."

Mchumba alikuja mbio. Wengine wakafuata. Mwisho Habonimana akanyoosha mkono kwenye mrija. Leonsia akauvuta mtungi kwake.

"Wewe bado. Daktari wenu wa Lukole kasema ni ngozi tu, haiambukizi. Sema na wewe kwanza mbele ya watu. Nina nini?"

"Mama, yameisha..."

"Hayajaisha. Nina nini?"

Jasho likamtoka mzee wa watu. "Ni ngozi."

"Ngozi tu?"

"Ngozi tu. Haiambukizi."

"Kwa sauti. Kule barabarani hawajasikia."

Akarudia kwa sauti. Leonsia akausukuma mtungi, Habonimana akainamia mrija, posa ikafunguliwa. Ndizeye naye akasogea taratibu, anatabasamu kama mbuzi, anatafuta mrija wa ziada. Leonsia alikuwa ameshaikusanya mirija yote iliyobaki, kaikalia.