Koki Mbili

Mume wangu hakufa kwa gesi. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo wanaosema hivyo, na wengi wao hawajui hata gesi yenyewe ilikuwa ya nini. Alikufa kwa homa, kitandani mwake, baada ya kuonja uji na kusema umepoa.

Gesi ilitoka kwa daktari mmoja wa meno wa Shangani. Baada ya Mapinduzi watu wengi walikuwa wakifunga milango na kuondoka, na siku yake ilipofika, mume wangu ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Daktari akamwachia mitungi ya buluu ya gesi ile wanayovutishwa watu wasihisi jino liking'olewa. Mtu mwingine angeiuza kwa chuma chakavu. Lakini mume wangu wakati wa vita vya Wazungu alikuwa fundi wa injini za ndege, na huko aliona gesi hiyohiyo ikitiwa kwenye injini kuipa nguvu. Akaitazama mitungi, akaitazama gari yake, nami nikajua nimeshaletewa mke mwenza.

Gari ilikuwa ya abiria, ya bodi ya mbao, ikitoka mjini kwenda mashamba. Spea hazikuwa zikija tena na injini ilikuwa imechoka kama sisi sote. Penye tambarare ilikwenda. Kwenye kilima cha Masingini, na mtu wa bara atacheka akisikia nakiita kilima, ilikata pumzi katikati, abiria wakashuka na kuku wao wakasukuma. Nyumba yetu ilikuwa chini ya kilima hicho, kwa hivyo matusi yao yote niliyasikia.

Basi akafunga koki mbili mbele ya kiti cha pembeni, moja ya gesi na moja ya petroli ya ziada. Gesi haiwaki, alinieleza, ila inaufanya moto wa petroli uwe mkali. Ikiingia peke yake, moto unakosa cha kula na unakula chuma. Petroli mwanzo kuingia, petroli mwisho kutoka. Usifungue koki gari ikiwa inajikokota, ngoja injini ingurume. Mtungi usimame, ufungwe kamba, ufunikwe gunia bichi usipate jua. Madirisha yawe wazi, tusije tukalala njiani huku tunacheka. Na dereva asiguse koki hata moja, ana kazi yake. Ndiyo maana nikawa nakaa pembeni yake na buibui langu, mtungi katikati ya miguu, vidole vikiingia ganzi kwa ubaridi wa chuma.

Muda tuliupima kwa sura fupi ya Kulhuwallahu. Nikifungua gesi anaanza kuisoma, akimaliza nafunga. Zaidi ya hapo, alisema, pistoni za injini kongwe zinatoboka. Aliisoma mbiombio, kama imamu wa tarawehe mwenye wageni nyumbani, na akifika mwisho anasema, "Funga, bibi." Anayeona ni utovu wa adabu na aone. Kilima tulikipanda, na injini ikabaki nzima.

Alipokufa sikulia. Nilikaa kizuka chumbani, eda ya mjane, kama inavyotakiwa, nikala nilicholetewa, nikaitikia dua. Wanawake waliokuja kunipa mkono wa pole walinitazama machoni, wakatazamana. Ndani mwangu palikuwa kama chumba kilichohamwa.

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikaa nasi nyumba moja. Alikuwa mwalimu wa Kurani wa watoto wa mtaa, na wapitao njia walijua amefika aya gani, kwa kuwa kila herufi aliitoa mahali pake na kila mvuto aliupa urefu wake. Mtoto aliyeharakisha alionja bakora. Gesi aliichukia tangu siku ya kwanza. Sasa amebakiwa na mwana mmoja, shemeji yangu mdogo, na huyo hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe.

Siku moja shemeji akaja nyuma ya pazia la mlango wangu.

"Shemeji, gari nnaitoa. Niambie zile koki zinakwendaje."

"Tafuta mtu wa kukaa pembeni."

"Utingo kakataa, anasema gesi ndiyo iliyomuua kaka. Ntafanya mwenyewe. Mkono mmoja usukani, mmoja koki."

"Basi kaburi lenu lichimbwe pana, maana na abiria watakuwemo."

Akacheka. Nilijua atakwenda tu, nimwambie nisimwambie. Mavyaa alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Ntakaa mimi," akasema.

Nikamfundisha mavyaa mle chumbani, kwa vifuniko viwili vya sufuria. Cha kushoto petroli, cha kulia gesi. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Mikono yake haikukosea hata mara moja. Nilipomwambia habari ya Kulhuwallahu, akanitazama kwa dharau kidogo.

"Na hiyo nayo unifundishe wewe?"

Nikavikusanya vifuniko. Shemeji alikubali angalau siku ya kwanza asichukue abiria, akapakia magunia ya mchanga. Mchana baada ya adhuhuri nikasikia mlango wa gari ukibamizwa, kisha gia ya kwanza, kisha ya pili. Sauti ikapanda, nikajua petroli imeingia. Kisha ukaja ule mngurumo wa kifuani ninaoujua, nikajua na gesi imeingia. Midomo yangu ikaanza kusoma bila kuombwa, kwa mwendo wa mume wangu. Nikamaliza.

Mngurumo haukushuka.

Nikangoja. Haukushuka. Ndipo nikamwona mavyaa wangu kama namtazama kwa macho, buibui limefungwa vizuri, akiipa kila herufi haki yake, tena siku hiyo kwa khofu ya mwanawe akiizidishia.

Kizuka hatoki. Mimi nilitoka, bila viatu, mpaka barabarani, nikipiga kelele, "Funga! Funga!" Wanaume waliokaa dukani wakageuza nyuso zao. Kikaja kishindo kimoja kikavu, kisha kimya, na moshi ukapanda juu ya minazi. Nikasimama pale nikiwa nimeshawazika wote wawili kichwani, na macho makavu vilevile. Nakumbuka niliwaza kwamba masufuria ya hitima hatujayarudisha kwa majirani.

Kisha nikawaona wanashuka kwa miguu. Mavyaa mbele, buibui limelowa mafuta, na mwanawe nyuma amembebea makubadhi yake.

"Injini imekufa," shemeji akasema, akitazama chini kwa vile nilikuwa nje.

"Nlikuwa sijamaliza," mavyaa akasema. "Ilibaki aya ya mwisho."

Akanishika mkono akanirudisha chumbani. Nilingoja anigombeze kwa kuvunja eda. Hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua buibui taratibu, akafuta mafuta vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu alikuwa akiisomaje?"

Nikamsomea. Nilisoma kwa mbio zake, nikazimeza herufi alizokuwa akizimeza, nikavuta pumzi pale alipokuwa akivuta. Nilipofika mwisho nikasema na "Funga, bibi," kwani ndivyo alivyomalizia siku zote, na hapo sauti ikanikatika nikalia, kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Mavyaa wangu, aliyechapa watoto kwa makosa madogo kuliko hayo, hakunisahihisha hata herufi moja. Aliningoja mpaka nikapata pumzi.

"Soma tena," akasema.