Bunduki ya Uswisi Ilivyonipeleka Kinjumbi

Sikusafiri kwa kupenda. Watu hurudi kwao kwa harusi, kwa msiba, au kwa hamu ya samaki wabichi. Mimi nilikwenda kumrudisha mdogo wangu Hamisi kwa mama yetu, kama mtu anavyorudisha sufuria la jirani.

Hamisi alikuja kwangu Temeke mara tu barabara ya kusini ilipopitika baada ya masika. Akasema anakaa siku mbili tatu. Alikuwa anatafuta bunduki, tena si bunduki yoyote, bali ile mpya ya jeshi la Uswisi aliyoiona katika jarida la Kizungu, kwenye rundo la muuza mitumba. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa; viatu, redio, sabuni za kunukia, kila kitu kikaingia, na watu wakaamini kwamba chochote kilichopigwa picha kinauzwa Kariakoo. Kijana mmoja wa mtaani anayejua Kiingereza alimsomea ule ukurasa. Mwishoni paliandikwa kwamba bunduki hiyo imetolewa pia ya kuuziwa raia.

Neno hilo likampanda kichwani. Mimi nimeinamia cherehani nashona sare za shule, yeye amekaa kwenye kigoda ananisomesha.

"Hata raia, dada! Kitako chake kinakunjwa. Magazini yake ya plastiki, unaona risasi zilizomo bila kuifungua. Kule Uswisi kila mwanamume anayo chumbani kwake."

"Wewe chumbani kwako una nini?" nikamuuliza. Akarudi kwenye jarida lake, maana hata chumba kilikuwa changu.

Siku mbili tatu zikawa wiki tatu. Ndipo akapita jirani yetu wa Kinjumbi, kijijini kwetu kusini, akanipa salamu zilizonikata maini: mama analala shambani peke yake, juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia mazao. Nguruwe pori wamemaliza muhogo, sasa wanaunyemelea mpunga.

"Na gobori la marehemu baba?" nikamuuliza Hamisi.

Akakohoa. Kumbe kabla ya kuja Dar alikuwa amelipeleka gobori polisi, kule Masoko wilayani, akalisalimisha.

"Ili nafasi iwe wazi, dada."

"Nafasi gani?"

"Ya hii mpya."

Nilifunga cherehani. Kesho yake alfajiri tulikuwa kituo cha basi, mimi na kikapu changu, yeye na jarida lake.

Ndundu, kwenye kivuko cha Rufiji, tulikuta msururu wa magari na pantoni iko ng'ambo. Abiria walikuwa wakigombana nani alitangulia. Hamisi akatoa ukurasa wake. Lahaula! Watu wasioelewana juu ya foleni wakaelewana juu ya bunduki. Utingo alitaka kujua uzito wake, muuza ndizi akauliza kama inaweza kuua kiboko, na dereva wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaacha usukani akaja kuuliza kama plastiki haiyeyuki juani. Pantoni ikafika, lori la saruji lililokuwa nyuma yetu likatupita likapanda, na sisi tumesimama tunajadili mtutu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Dereva akaniambia, "Mama, tulia, hii ni elimu." Tulikaa hapo mpaka pantoni ikarudi tena, na jua la Rufiji halina huruma na mtu aliyekasirika.

Tulipofika Mohoro tairi lilipasuka. Sitalisimulia hilo, mnajua wenyewe Hamisi alifanya nini wakati wenzake wanainua basi kwa jeki.

Tulifika Kinjumbi jua linaelekea kuzama, tukaenda moja kwa moja shambani. Mama alikuwa juu ya dungu, kanga mbili mabegani, debe tupu mbele yake na fimbo ya kuligongea. Aliposhuka ngazi alitanguliza mguu mmoja, akausubiri mwingine. Nilitaka kulia, hasira ikanizuia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na huyo?"

Akatutembeza. Upande wa muhogo palikuwa mashimo matupu, kama watu walichimba msingi wa nyumba wakaghairi. Upande wa bondeni mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa.

"Huu ndio nilionao," mama akasema. "Ukienda huu, sina cha kula mpaka masika mengine. Siendi kuomba kwa watu, na Temeke siendi."

Hamisi akafungua ukurasa. "Mama, hii inapiga shabaha mita mia tatu."

"Shamba langu lina mita mia tatu?"

"Na hapa, mama, unaona risasi zilizobaki."

"Risasi nizione za nini? Mimi nataka nimwone nguruwe."

Nilidhani ameshindwa. Akaanza kumweleza jinsi magazini mbili zinavyobanwa pamoja.

Asubuhi nilimkokota Hamisi mpaka Masoko kwa gari la wachuuzi wa nazi, tukadai gobori letu. Afande pale kituoni alitupokea kwa adabu. Akasema gobori lipo stoo, ila leseni ilikuwa ya marehemu, na marehemu harudishiwi silaha. Anayelitaka aombe upya, kuanzia kijijini kwake, na asitarajie jibu kabla ya mavuno.

"Basi afande, tuombe hii," akasema Hamisi, na ukurasa tayari upo mezani. Nilifumba macho.

"Hii ya kivita. Raia hauziwi."

"Wameandika raia wanauziwa."

"Raia wa wapi?"

"Wa Uswisi."

"Wewe ni wa wapi?"

"Kinjumbi."

Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha. Nikasimama kuaga. Afande akavuta ukurasa karibu, akauinamia, akasema taratibu, "Lakini hiki kitako kinakunjwa kulia au kushoto?" Nikakaa tena. Walizungumza mpaka gari letu likaondoka, tukarudi tumepanda juu ya magunia ya chumvi.

Lilibaki tumaini moja, Mzee Damiani. Huyu ni Mmakonde aliyeteremka kutoka uwanda wao wa juu zamani, akajenga ng'ambo ya kijito, yeye na wanawe. Wao Wakristo, sisi Waislamu, na mapatano yetu ni ya tangu enzi za baba. Nguruwe wakizidi, tunamwita, anakuja na nyavu na mbwa kwa njia ya bondeni, asipite msikitini wala kisimani. Nyama anaivusha kijito, sisi hatuigusi wala hatuiulizi, na mama humpelekea ungo wa mchele baada ya mavuno. Hakuna aliyewahi kuandika mapatano hayo, wala kuyavunja. Mpaka mwaka huu.

"Mdogo wako alinijia hapa," Mzee Damiani akaniambia, hata kiti hajanipa. "Akasema mbwa wangu wapumzike, yeye anapata bunduki ya Uswisi, atawapiga nguruwe akiwa kitandani. Mbwa wangu wamemkosea nini?"

"Tusamehe, mzee. Usiache mbachao kwa msala upitao, tulimwambia hivyo hivyo."

"Aje mwenyewe aombe radhi."

Nilimleta jioni ile ile. Njiani nilimfundisha maneno ya kusema, na nikamwapisha kwamba jarida linabaki nyumbani. Aliomba radhi vizuri, hata mimi nikaguswa. Mzee akapokea. Halafu akasema nyavu zimechakaa, zinahitaji kusukwa upya, na mbwa mkubwa ana kidonda mguuni, tusubiri kidogo. Mzee akajikuna kidevu.

"Hebu, hiyo bunduki yenyewe ikoje?"

Hamisi akaingiza mkono ndani ya shati. Ukurasa ulikuwa tumboni.

Mzee Damiani aliwahi kuwa mgambo, na mgambo hakubali kushindwa kwa silaha. Akasema risasi zile ni nyembamba mno, nguruwe wa bonde la Kinjumbi atazichukulia kama miiba. Hamisi akaruka juu. Nikawaacha wanapigiana kelele, nikarudi kwa mama nikamwambia, "Leo utalala ndani. Huyo mwanao atapanda dungu, apende asipende."

Akapanda, na Mzee Damiani akamfuata na mabishano yake. Kutoka nyumbani tulisikia sauti zao zikivuma bondeni: mita mia tatu, plastiki, kitako. Wakaongezeka vijana wawili watatu waliotaka kuamua ugomvi. Asubuhi nilikwenda kukagua. Hapakuwa na alama ya kwato hata moja. Siku ya pili vile vile, na ya tatu. Mimi bado nilikuwa nimevimba kwa hasira, nikiona watu wazima wanakesha kwa ajili ya karatasi, wala sikuunganisha jambo hili na lile. Mama aliunganisha. Alikuwa analala usingizi mzito ndani ya nyumba yake, akiamka anakagua bonde, haniambii kitu.

Siku iliyofuata Mzee Damiani alikwenda msibani, na wale vijana hawakuja. Hamisi alipanda dungu peke yake akiwa na debe na fimbo. Asubuhi tulimkuta amelala fofofo, debe kalifanya mto, na kona nzima ya mpunga imelazwa chini na kutafunwa.

Hapo uvumilivu ulinishinda. Nilimchomoa ule ukurasa shatini, nikaenda nao mbio hadi jikoni nikautie motoni. Mama akanidaka mkono penye mafiga.

"Rudisha."

"Mama! Hiki ndicho kilichotuponza! Gobori limekwenda kwa ajili ya hiki!"

"Baba yenu lile gobori alilipiga mara mbili maisha yake yote, na mara zote mbili alikosa. Kazi ilikuwa kukaa macho. Mdogo wako hajapata kukaa macho tangu kuzaliwa kwake, ila kwa hicho ulichoshika. Mrudishie."

Nikamrudishia. Sikuwahi kumrudishia mtu kitu kwa uchungu namna ile. Jioni Mzee Damiani aliporudi kutoka msibani alikuja na hoja mpya kuhusu kutu, na nguruwe hawakuonekana.

Siku ya kurudi Dar, mama alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa anatembea vizuri kuliko nilivyomkuta.

"Kule kwa hao wauza mitumba," akasema, "ukiona jarida jingine la bunduki, ninunulie, umpe mtu alete. Hili wamelishika mpaka linachanika, na Damiani ameanza kukubali."

"Na kama Mungu akijalia, serikali ikaruhusu auziwe?"

Mama alishtuka kweli. "Usiniombee mabaya! Akiipata ataiegemeza ukutani, alale."

Basi likaja, nikapanda. Ndundu, niwaambie ukweli, pantoni ilikuwa ng'ambo tena.

Nilichojifunza katika safari hii sikipendi hata kidogo. Kinjumbi niliondoka bila gobori, nyavu bado zinasukwa, na mdogo wangu ni yule yule. Nilikwenda kumponya, nikarudi nimetumwa kumwongezea ugonjwa. Lakini mpunga wa mama umevunwa, isipokuwa ile kona, na mahindi ndiyo kwanza yanakuja. Kwa hiyo, jirani zangu, mkinikuta Jumamosi nimeinama kwenye marundo ya mitumba, fundi cherehani mzima, nauliza kama hakuna jarida lenye bunduki za Uswisi, msinong'onezane. Namtafutia mama yangu mlinzi.