Mhuri wa Sista Veronika

Kiwanda cha kubangua korosho kilichoko njia ya kwenda Pande kina zahanati ya chumba kimoja, na kwa miaka kumi na mmoja muuguzi wake alikuwa Sista Veronika. Kwake ndiko walikoenda wafanyakazi wote kuomba ED, ile karatasi ya kumruhusu mgonjwa apumzike. Naomba niseme mapema kwamba mambo ya karatasi hiyo yananipandisha hasira mpaka leo.

Meneja utumishi wa kiwanda, bwana mmoja aitwaye Dominick, alikuwa hakubali ED ya hospitali yoyote ya nje. Eti zinanunuliwa kama vocha. Karatasi aliyoitambua yeye ni iliyosainiwa na Veronika, siku ileile ya ugonjwa, ikagongwa mhuri wa zahanati. Usipokuwa nayo, wewe si mgonjwa, wewe ni mtoro. Siku moja au mbili unapewa onyo, na maonyo hayazidi mawili. Siku tatu mfululizo, unafungasha virago. Na kama hiyo haitoshi, alitoa amri kwamba mtu ambaye joto lake halijafika nyuzi thelathini na nane asiandikiwe.

Veronika alikuwa mzaliwa wa Likawage, binti wa Tomaso mkulima wa ufuta, mjane, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa sindano. Kazi hiyo ilikuwa imesomesha watoto wake wawili, na aliing'ang'ania. Kwa kuing'ang'ania, alitii.

Hivyo ndivyo alivyomfanyia Alfani. Alfani ni mtu mzima, kazi yake kwenye jiko la kukaangia korosho, anakovuta moshi wa maganda kutwa nzima. Mwezi Machi aliingia zahanati ameshika ukuta. Veronika alimsikiliza kifua, akasikia kinavyopiga filimbi. Akampima joto: thelathini na sita na nusu.

"Kipimajoto kimekataa, Mzee Alfani," alimwambia bila kumtazama.

"Kipimajoto hakivuti moshi, sista."

Alimpa panadoli, akamrudisha jikoni. Alfani hakufika jikoni, alikwenda kulala kwake siku mbili, akarudi akakuta onyo la mwisho. Veronika alizipata habari hizo, na kila alipopishana na mzee yule uwanjani alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Aprili, masika yamekolea na barabara imekatika, ikawa zamu ya Veronika kuugua. Jumatatu asubuhi alifungua zahanati, akakaa, akainuka, akaanguka. Mwahija, mama anayefagia pale, alimlaza kwenye kitanda cha wagonjwa. Meno yakigongana, Veronika alimwelekeza namna ya kumtoboa kidole na kudondoshea damu kwenye kipimo cha malaria. Mistari ikatokea miwili. Alfani alikuwa amekuja kuomba dawa ya kifua. Badala ya dawa alipata kazi: kila alipoponyoka jikoni alimmezesha vidonge kwa saa alizotajiwa, akampikia uji, na kwa kuwa aliwahi kumwona sista akiandika, alichukua daftari la wagonjwa, akaandika kwa herufi kubwa: VERONIKA TOMASO. HOMA KALI. MALARIA IPO. HAWEZI KAZI. Aliandika hivyo siku tatu, kila siku mstari wake.

Alhamisi Veronika alisimama kwa miguu yake, na Alhamisi hiyohiyo Dominick akamwita.

"Sista, siku tatu hukuhudumia mtu. Naomba ED yako."

Veronika alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, aliweka mezani daftari na kile kipimo, kimefungwa kwenye bahasha.

Dominick hakukigusa. "Damu hii ya nani? Na huyu aliyeandika ni mkaanga korosho. Utaratibu unasema ED isainiwe na muuguzi wa kiwanda."

"Muuguzi wa kiwanda ni mimi, Meneja. Ndiye aliyekuwa anaumwa!"

"Najua. Ndiyo maana nakusaidia." Alimsogezea kitabu cha fomu. "Jiandikie. Rudisha tarehe nyuma, weka Jumatatu, saini, gonga mhuri, yaishe. Mimi nataka karatasi kwenye faili. Usipoandika, siku tatu unazijua."

Hapo damu ilimchemka Veronika. Jumatatu hakuweza kushika hata kijiko, na mtu huyu alitaka ionekane alijipima, akajihurumia, akajiandikia. Ukweli ulioandikwa na mzee wa watu haukufaa, uongo wenye mhuri ulifaa. Alimchukia Dominick kwa moyo wote. Halafu akakumbuka ile filimbi ya kifuani mwa Alfani, na chuki ikamgeukia mwenyewe, kwa sababu amri zilitoka kwa Dominick lakini mkono uliokataa kuandika ulikuwa wake.

Akachukua kalamu. Aliandika taratibu, akasaini, akagonga mhuri mpaka meza ikatikisika. Dominick alitabasamu, akaivuta karatasi, akaisoma. Tabasamu likamtoka.

"Alfani? Machi? Hii ni nini?"

"Ni ED. Muuguzi wa kiwanda amesaini, mhuri upo. Mgonjwa nilimpima mwenyewe, kifua kimeharibika kwa moshi wako, nikamnyima mapumziko kwa kukuogopa wewe. Futa lile onyo lake."

"Hii si ya siku ileile!"

"Si umesema tarehe tunarudisha nyuma?"

Dominick aliisoma karatasi tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na yako?"

"Yangu iko kwenye daftari, kaiandika mtu aliyeniona naumwa. Umeikataa." Aliuweka mhuri juu ya meza, mbele yake. "Wagonjwa wa kesho utawapima wewe."

Nje, Alfani alikuwa amesimama kando ya mlango wa jiko akikohoa. Kwa mara ya kwanza tangu Machi, Veronika alimtazama usoni.

"Shikamoo, Mzee Alfani."

"Marahaba. Umepata karatasi, sista?"

"Nimepata," alisema Veronika. "Ni ya kwako. Nenda kalale."