Dada Rosnidar na Uso wa Rangkayo Saunah

Dada yangu Rosnidar hajui ugomvi. Ugomvi wote wa nyumbani kwetu nilipewa mimi, na sijutii, maana bila mimi watu wangemkalia kichwani tangu utotoni. Kwa miaka thelathini na mbili alitunza maktaba ya shule ya msingi hapa kwetu Minangkabau, chini ya Mlima Sago: chumba kimoja, makabati matatu, na paa linalovuja juu ya kabati la vitabu vya mashujaa. Mumewe alikwenda Jakarta kufungua mgahawa. Akaufungua kweli, akaongeza na mke wa pili. Dada hakusema neno. Nilisema mimi, kwenye simu, mpaka salio likaisha.

Hao mashujaa wa kabatini ndio waliomponza. Wote walikuwa wanaume wenye majambia, wamepanda farasi, wamekunja ndita. Siku moja msichana wa darasa la nne alirudisha kitabu akamwuliza, "Mwalimu Ros, hawa wote wanatoka mbali. Kwetu hakuna hata mmoja?" Mwingine angemwambia arudi darasani. Dada yangu alikosa raha wiki nzima.

Kwetu yupo. Ni Rangkayo Saunah. Hilo Rangkayo ni la heshima, hatumtaji bila hilo. Enzi za Waholanzi, shule zisizo na kibali zilipopigwa marufuku, yeye aliwafundisha wasichana kusoma ndani ya ghala la mpunga. Askari wakitokea, vibao vya kuandikia vinafukiwa chini ya mpunga, wasichana wanashika michi, wanatwanga na kuimba kana kwamba hawajui a wala be. Kila mtu hapa anaijua habari hiyo vipande vipande, ila hakuna aliyewahi kukaa chini akaiandika. Dada alikaa. Miaka sita alizunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti cha kuazima, mpaka kikapatikana kitabu chembamba cha watoto, chenye maandishi makubwa na picha. Nakala mia nne. Kingegawiwa shuleni Jumatatu, Siku ya Mashujaa, wiki tatu kabla hajastaafu.

Balaa lilitokea kwenye jalada. Picha pekee ya Rangkayo iliungua wakati wa vita, na mchoraji alitaka uso wa kumwongoza. Dada akauliza sokoni ni nani anayefanana na marehemu. Wazee wawili wakamjibu bila kusita: Marlis, yule muuza uji wa choroko. Kwa furaha dada akamshika mchoraji mkono, moja kwa moja hadi kwenye sufuria la uji. Hakuuliza lile swali ambalo mtu wa kwetu huliuliza hata kabla salamu haijaisha: huyu ni wa mama gani?

Marlis ni mjukuu wa Rangkayo, hilo halina ubishi, ila ni kwa mtoto wa kiume. Na kwetu Minangkabau ukoo hupita kwa mama. Watoto wa kaka zetu tunawapenda, tunawapikia, siku za harusi zao tunawabebea masinia kichwani. Lakini wao ni wa ukoo wa mama zao. Uso wa bibi mkuu ni mali ya nyumba kubwa ya wanawake wake, sawa na mashamba ya mpunga. Sasa dada yangu, mwanamke wa hapa hapa, wa miaka hamsini na tisa, akausahau ukoo! Nilipomwuliza imekuwaje, alisema, "Yus, nilifurahi mno."

Ijumaa mwalimu mkuu akamwita. "Nyumba kubwa wamechukia," akasema. "Bila idhini yao sigawi hata kimoja. Sitaki kesi na watu." Vitabu vyote vikafungiwa stoo.

Jumamosi asubuhi dada alivaa nguo zake za sherehe, akapanga tambuu kwenye sinia la shaba. Ukienda kuomba jambo unatanguliza tambuu. Mwenyeji akiitafuna, amekubali. Asipoigusa, tafuta viatu vyako.

"Twende wote," akaniambia, "lakini usifungue mdomo."

"Hata kupiga miayo?"

"Hata kupiga miayo."

Walitupokea wanawake saba wameketi kwenye mikeka, wakiongozwa na Asnimar, mkubwa wa nyumba. Kaka yake, ambaye ndiye msemaji wa nyumba, alikaa dirishani akingoja dada zake waamue ili naye atangaze alichoamua.

"Ros, mdogo wangu," Asnimar alianza, "kitabu kizuri. Nimekisoma chote, nimelia. Lakini huyu ni nani?" Akagonga jalada kwa kidole.

"Ni Rangkayo, dada."

"Huyu ni Marlis wa uji! Kila asubuhi namwambia aongeze nazi, leo nimwite bibi? Nyumba hii ina mabinti kumi na mmoja. Desneli wangu ana kasoro gani?"

Desneli, bintiye, akainamisha macho kwa adabu. Midomo ilikuwa imekolea rangi, asubuhi yote hiyo! Nilijiuma ulimi.

"Kosa ni langu," dada akasema. "Nilitafuta uso, nikasahau nyumba. Nisameheni."

"Tumeshakusamehe. Ila watoto mia nne watakua wakidhani shujaa wetu ni wa ukoo wa ng'ambo ya mto. Chora upya."

"Siwezi, dada. Vimeshachapwa, nami mwisho wa mwezi naondoka. Baada yangu hakuna atakayehangaika nacho. Kikikataliwa leo, basi tena."

Tambuu ilikaa katikati yetu, haijaguswa na yeyote. Nilimtazama dada yangu. Miaka sita! Uvumilivu ukanishinda.

"Mnamtaka Desneli?" nikasema. "Desneli kafanana na baba yake, na baba yake ni wa kuja, mtu wa Solok! Mnataka Rangkayo awe mtu wa Solok?"

"Yus!" dada akanikemea.

"Mwacheni aseme!" Asnimar akasimama. "Mwacheni, nami nitasema yangu! Mdomo huo ndio uliomfukuza shemeji yako mpaka Jakarta!"

"Alijifukuza mwenyewe, na wewe ulimfungia chakula cha njiani!"

Basi kila mtu akawa anasema na hakuna anayesikiliza. Ndipo sauti kavu ikatoka nyuma ya pazia:

"Nani anapiga kelele darasani?"

Alikuwa Bibi Kamsiah, mwenye miaka tisini na ushei, wa mwisho aliye hai kati ya wale wasichana wa ghalani. Dada alimhoji mara nne kwa ajili ya kitabu. Picha hakuna aliyemwonyesha. Tulikwishazoea kwamba haoni, tukasahau kwamba miezi miwili nyuma alitolewa mtoto wa jicho. Akaja akishika ukuta, akaketi, akanyoosha mkono apewe kitabu.

Alikiweka karibu na pua, akakisogeza mbali. Halafu akanyoosha mgongo, akachomeka nywele zake ndani ya mtandio upesi upesi.

"Astaghfirullah," akasema. "Hivi hivi ndivyo alivyonitazama kabla ya kunifinya sikio."

"Mama mkubwa, huyo ni Marlis," Asnimar akasema.

"Marlis gani? Nimekaa mbele ya uso huu miaka miwili. Wewe ulikuwa wapi?"

"Lakini nyumba, mama mkubwa..."

"Nyumba, nyumba! Uso umepita kwa mwanawe wa kiume, umekwenda zake. Tuupeleke mahakamani?"

Kaka mtu ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa kelele, wakafuata wengine. Asnimar alijikaza, akashindwa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akakichukua kitabu akalitazama tena jalada.

"Ndani kiwekwe kikaratasi," akasema hatimaye. "Kiseme: Rangkayo ni binti wa nyumba hii, na uso tumeazima kwa mtoto wa mjomba wetu."

"Nitavibandika vyote mia nne kwa mkono wangu," dada akasema.

Asnimar akachagua jani la tambuu, akalipaka chokaa, akalikunja, akatafuna. Alhamdulillah! Watoto wangepata kitabu chao Jumatatu. Dada alifumba macho, mabega yakamshuka.

"Sasa mleteni," Bibi Kamsiah akasema.

Marlis aliletwa na aproni yake, ananukia nazi, hofu imemjaa. "Mimi niliambiwa nikae tu, nikakaa!" alianza kujitetea kabla hajavuka kizingiti. Bibi akamwonyesha mkeka wa mbele yake, wakakaa wanatazamana.

"Siku waliyomchukua mwalimu wangu ilikuwa zamu yangu kusoma," Bibi akatuambia, macho yakiwa kwa Marlis. "Nilijifunza ukurasa mzima. Askari wakaja, nikashika mchi. Alifia kifungoni Padang, hakunisikia."

Dada alinitazama. Katika mahojiano yote manne hilo Bibi hakuwahi kulisema.

Bibi Kamsiah akafungua kitabu cha watoto, ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, akikwama, akirudia, mpaka chini kabisa ya ukurasa. Kisha akainamisha kichwa akangoja.

Marlis akatutazama mmoja mmoja. Ni muuza uji, nani alimfundisha la kusema? Kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, kwetu, ni tusi la kukufukuzisha nyumbani.

"Umesoma vizuri, Kamsiah," akasema. "Unaweza kwenda kucheza."

Hakuna aliyemkemea. Bibi Kamsiah akashusha pumzi, akafunga kitabu.