Presha ya Nyumbani Haihesabiwi

Mama yangu ana presha mbili, moja ya nyumbani na nyingine ya kliniki. Nilichelewa kulijua hilo kwa sababu mimi naishi Mbeya, ambako nafundisha baiolojia, na yeye yuko kijijini kwetu upande wa Kilolo, analima nyanya. Kwenye simu alikuwa ananipa ile ya kliniki tu. "Mia na ishirini na sita kwa themanini," alikuwa akisema, kwa sauti ya mzazi anayesoma ripoti ya mtoto anayeongoza darasa. Nami nilimpongeza, mwezi baada ya mwezi.

Likizo ya Juni nilifika nyumbani siku ya Jumatatu. Jioni tukakaa kula, nikaonja mboga, nikamwambia amesahau chumvi.

"Sijasahau," mama akasema. "Alhamisi nina kliniki."

Baba aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akanyunyiza kidogo kwenye sahani yake, akakikunja na kukirudisha. Alifanya hivyo kwa utulivu wa mtu aliyezoea.

Basi nikaanza kuuliza, na taratibu mambo yakajitokeza. Wiki ya kliniki mama haonji chumvi tangu Jumatatu. Haendi shambani kuinama. Haongei na shemeji yake, kwa kuwa maongezi yao yote huishia kwenye mpaka wa shamba. Na dawa anakunywa kila asubuhi, kwa saa. Wiki nyingine zote anakula kama sisi, anagombana kama sisi, na dawa anakunywa siku ambayo kichwa kimekuwa kizito.

"Dawa ni kali," alinieleza. "Mtu hawezi kuinywa kila siku kama chai."

Nilikuwa nimekuja na kipimo kidogo cha presha kutoka Mbeya. Nikamvalisha mkononi palepale. Mia na sabini na mbili kwa mia na nne.

"Hiyo ni ya nyumbani," mama akasema, akikivua. "Ya nyumbani haihesabiwi. Haiandikwi popote."

Ningecheka, kama si jambo alilolisema baadaye tukiosha vyombo. Daktari alikuwa amemwahidi kwamba presha ikitulia na mwezi huu, atampunguzia dozi nusu. Mama alilisubiri hilo kama mahafali. Mimi niliona kitu kingine: mtu mwenye mia na sabini na mbili anakwenda kunyang'anywa nusu ya dawa, kwa sababu anajua kufanya mtihani.

Nikamweleza, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Nilimwambia mshipa wa damu ni kama ule mpira wake wa kumwagilia nyanya. Maji yakisukumwa kwa nguvu siku zote, ipo siku mpira utapasuka, na hautachagua siku ya kliniki.

"Naujua mpira," akasema. "Ndiyo maana Jumatatu nafunga koki."

"Mama, kichwa hakikuumi?"

"Kinauma. Lakini daktari alisema niko vizuri. Kwa hiyo hicho ni kichwa tu."

Sentensi hiyo iliniweka macho usiku ule kuliko baridi. Mama yangu alikuwa amekabidhi hata maumivu yake kwa mashine, na mashine ilikuwa imeyakataa.

Msidhani ni ujinga. Alhamisi nilimsindikiza nikaona kwa macho yangu. Kwenye kituo cha afya wagonjwa wa presha hukaa benchi moja refu, na nesi hupima hapohapo mbele ya wote, kisha husoma kwa sauti. Mwanamke aliyetangulia alikuwa na mia na sitini. "Umekula nini wewe?" nesi akamuuliza, na benchi zima likaangalia chini. "Mama mtu mzima, unafundishwa kila mwezi kama mtoto." Nikaelewa. Mgeni akikukagua hivyo hadharani, hata wewe ungefagia nyumba kwanza.

Ikafika zamu ya mama. Mia na ishirini na nne kwa sabini na nane.

"Mnaona?" nesi akawaambia wagonjwa wengine. "Huyu ndiye mgonjwa wa mfano. Leo daktari anampunguzia." Mama akarekebisha kitenge chake kwa unyenyekevu wa uongo. Kisha nesi akanigeukia. "Na wewe unayesindikiza, kaa. Siku hizi tunapima wote."

Nilikaa bila wasiwasi. Mimi ndiye mwenye kipimo, mimi ndiye mwenye mfano wa mpira.

"Mia na hamsini na nane kwa tisini na nane," nesi akasoma. "Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Wa somo gani?"

Nikamwambia. Mtu fulani kwenye benchi akakohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi.

"Mwalimu wa baiolojia," nesi akasema, "halafu unakula hovyo."

Nilijaribu kueleza kwamba kipimo kimoja hakitoshi, kwamba nimesafiri, kwamba jana nimelala vibaya.

"Wote wanasema hivyo. Umekula chumvi, hukula?"

Masikio yaliwaka. Katika miaka yangu yote ya kuwaelimisha watu sikuwahi kujua kwamba aibu ya mgonjwa inaanzia masikioni. Ndipo mama akasimama.

"Nesi, mwanangu, nakuomba usimfokee. Huyu hakujiandaa."

"Kujiandaa kufanya nini?"

Mama akawatazama wenzake kwenye benchi. Mmoja alimtikisia kichwa kidogo, asiseme. Akasema. "Hiyo uliyoniandikia ni ya kuanzia Jumatatu. Ile ninayokaa nayo iko nyumbani. Ni mia na sabini na kitu."

Nesi akaweka kalamu mezani. Bibi mmoja wa mwisho wa benchi akasema, "Mimi yangu ni ya kuanzia jana tu," kwa sauti ya mtu anayeomba apunguziwe adhabu. Yule wa pembeni yake akakiri siku nne na kitunguu swaumu. Nesi alifunika uso kwa daftari la mtu, mabega yakitikisika, na alipolishusha alikuwa binti wa kawaida tu, mwenye machozi ya kicheko. Akaenda kumwita daktari.

Daktari alimwingiza mama chumbani, nami nikafuata. Hakupunguza dozi. Aliandika ileile, akamtaka ainywe kila siku, wiki ya kliniki na isiyo ya kliniki, na chumvi aipunguze kidogo wakati wote badala ya kuifuta siku tatu. Mama aliitikia yote. Alikuwa amepoteza mahafali yake na alionekana ameegemea kiti kwa mara ya kwanza.

"Kuna kingine, mama?" daktari akauliza, mkono ukiwa tayari kwenye daftari la mgonjwa anayefuata.

"Kichwa kinauma," mama akasema.

"Tangu lini?"

Mama akasogeza kiti karibu na meza. Alianzia mbali, wakati wa kupandikiza miche, siku mvua ilipowakuta bondeni. Nilifungua mdomo ili nimfupishie daktari. Kisha nikaufunga, nikamwacha aeleze.